Barua Niliyoiandika Juu ya Bato

Jumatatu, 3 Aprili 2000

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Mkaguzi amekuja, ameondoka, kurasa zimebaki, na mimi siwezi kukaa bure. Nikikaa bure nafua nguo zilizo safi. Basi nitaandika.

Mvua ya jana haikutosha hata kulaza vumbi. Uwele umetoa masuke, lakini mama anasema tusipopata mvua moja kubwa tutavuna makapi. Leo baba ametimiza wiki ya tano kaburini. Nyumbani tumebaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Bartolomayo, ambaye Ipagala nzima inamwita Bato.

Bato ana miaka ishirini na saba na anabeba gunia la mahindi peke yake bila kuguna. Hasemi mpaka awe na la kusema, na akisema ni maneno matatu, manne. Hakutazami usoni. Kitu ukikihamisha, anakirudisha pale pale. Ukimwambia "nakuja sasa hivi" halafu ukachelewa, atakungoja mlangoni mpaka utokee, hata ukija kesho yake. Watu wana majina yao ya kumwita. Sisi nyumbani tunasema tu kwamba Bato ndivyo alivyo.

Tangu Agosti mwaka jana kapata ugonjwa mpya, gemu. Bashiri, mtu wa mjini, amepanga chumba karibu na mashine ya kusaga, akaweka runinga mbili na michezo ya kupigana. Saa nne kamili asubuhi Bato yuko pale. Saa sita anarudi kula. Wanafunzi wangu wa darasa la sita nao wako pale saa hizo hizo, badala ya kuwa mbele yangu wakijumlisha sehemu. Nimesema nitakifunga kile chumba, na nitakifunga.

Jumatano, 5 Aprili

Upepo tu. Vumbi mpaka kwenye mlenda.

Ijumaa, 7 Aprili

Leo nilikwenda mwenyewe kwa Bashiri, na fimbo mkononi. Wanafunzi walitoka kwa mlango wa nyuma kabla sijamaliza kusema hodi. Aliyebaki kwenye benchi ni Bato, pedi mkononi, mgongo umenyooka.

Kwenye runinga wanaume wawili walikuwa wanapigana mateke na damu inaruka. Bato anamtumia yule yule kila siku, mzee mwenye ndevu anayejizungusha na kupiga kwa kisigino. Vijana wa mtaani wasio wanafunzi wamejaa nyuma yake, wanamtazama kama fundi. Mzee alipomwangusha adui, Bato alicheka. Alicheka kwa sauti, meno nje! Sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo. Badala ya kufurahi, nilisikia wivu mbaya. Mimi nimemlea, nimemfundisha kufunga vifungo, na mashine ya Bashiri imefika mahali ambapo mimi sijawahi kufika.

"Karibu ucheze, mwalimu," alisema Bashiri.

"Nitakuja na mwenyekiti wa mtaa," nikamjibu, nikaondoka.

Jumapili, 9 Aprili

Baada ya ibada nilimkuta Bato uani. Amening'iniza kiroba cha pumba kwenye tawi, anakipiga teke. Anajizungusha, kisigino, paa! Teke lile lile la mzee mwenye ndevu. Mama alicheka, akasema angalau anafanya mazoezi. Mimi sikucheka.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua! Saa nzima. Mama alitoka akasimama uani mpaka akalowa.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimekalia stuli, nimesimama, nimekalia tena. Niandike tu.

Leo tulikuwa tunamaliza matanga ya baba. Watu kama mia, mbuzi wawili, ugali wa uwele masufuria matano. Na Matonya, bila shaka. Matonya ni mtoto wa shangazi, mtani wetu, na kutoka hapa mpaka Ihumwa hakuna msiba uliochangamka bila yeye. Alikuja amevaa kanga, analia kwa sauti kuliko mjane mwenyewe. Akaniita mke wangu, akaniuliza mbona sijampikia mume. Akalala katikati ya mkeka, akasema yeye ndiye marehemu, ameamka kuuliza ni nani kaamuru mbuzi wake wachinjwe. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba. Nilimpenda Matonya kwa hilo.

Halafu akaingia ndani, akatoka na redio ya baba kichwani.

Redio hiyo lazima niieleze. Miaka kumi na tano Bato ndiye aliyekuwa akimfungulia baba taarifa ya habari jioni. Anaiweka mezani, anaigeuza ielekee kiti cha baba, yeye anakaa chini. Baba amekufa, lakini redio inafunguliwa kila jioni na kuelekezwa kwenye kiti kile kile kitupu. Hakuna anayethubutu kukikalia.

"Mrithi ni mimi!" Matonya akapaza sauti. "Hii naondoka nayo mpaka mnikomboe kwa jogoo!"

Ndiyo desturi. Mtani anachukua kitu msibani, wafiwa wanakikomboa kwa kuku au pombe, watu wanacheka, basi. Wote tulicheka. Mimi nilipiga kelele, "Chukua na betri zake kabisa!"

Bato aliinuka. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwa Matonya, akajizungusha, kisigino kikatua begani. Matonya akaangukia kinu. Nilisikia mfupa. Bato akaokota redio, akaipangusa kwa shati lake, akairudisha mezani, akaja kukaa na kuendelea kula ugali. Nadhani huko kuendelea kula ndiko kulikowatisha watu zaidi.

Hakuna aliyewahi kuona mtani akipigwa. Mtani hapigwi, mtani hashtakiwi, hata kumkasirikia ni aibu. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Ni lile gemu." Mwingine akasema kweli, teke lile ni la kule kwa Bashiri, yeye amemwona akilifanya. Kabla chungu hakijapoa kila mtu alikuwa anajua hivyo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuafiki.

Jumapili, 16 Aprili

Mtulinga wa Matonya, ule mfupa wa bega, umevunjika. Wamemfunga mkono kifuani. Shangazi hataki salamu yetu.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mwalimu mkuu. Imenitoka vizuri, siwezi kudanganya. Kurasa mbili. Nanukuu mahali ambapo mwalimu mkuu alipasifu:

"Ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye hakuwahi kuwa mkatili hata siku moja, amegeuzwa na michezo hiyo ya damu kuwa mtu hatari kwa familia na kwa mtaa. Leo ni mtani wake. Kesho atakuwa mtoto wa nani?"

Huwa nasoma kwa sauti ninachoandika ili nisikie koma zinakaa wapi. Nilisoma yote mara mbili. Bato alikuwa kizingitini anabambua karanga. Kwenye hiyo barua sikuandika kitu kuhusu redio. Niliona ingeharibu mtiririko.

Jumatano, 19 Aprili

Wazazi kumi na mmoja wametia saini. Ndege wameanza kushuka kwenye uwele. Bato yuko shambani tangu alfajiri anawafukuza kwa kombeo. Anawapiga udongo mkavu tu. Mawe hataki kuwapiga. Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Jumapili, 23 Aprili

Pasaka. Wali. Hakuna aliyekaa benchi moja na sisi kanisani.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimeshinda. Mwenyekiti ametia kufuli kwenye chumba cha Bashiri mpaka mkutano wa mtaa wa tarehe 14 Mei.

Leo saa nne nilikuwa darasani. Dirisha langu linatazama barabara. Bato alikuja, akasimama mbele ya kufuli. Saa sita akaondoka. Saa mbili nzima amesimama juani na mikono imelegea. Wanafunzi walinikamata nikichungulia, nikawapa zoezi la ghafla ili wainamishe vichwa.

Jumamosi, 29 Aprili

Siku ya tatu Bato anasimama mbele ya kufuli. Jioni alijigonga kichwa ukutani mpaka chokaa ikaanguka. Mama aliweka mto kati ya kichwa na ukuta, akaushikilia hapo mpaka Bato alipochoka. Mikono ya mama imevimba.

Jumapili, 30 Aprili

Baba mkubwa Sostenes amekuja kutoka Kibaigwa. Ana ghala la mahindi pale barabarani, malori yanapakia kwake mchana kutwa, na tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Nilimwamkia, nikamletea maji. Hakunywa.

"Devota, nimesomewa barua yako," alisema. "Umeandika vizuri. Mtu hatari. Sasa mtu hatari unakaa naye vipi na mama yako mzee?"

"Baba mkubwa, mimi nilikusudia gemu."

"Gemu limekwisha kufungwa. Yeye je?"

Maneno ni yangu, saini ni yangu.

Akasema atamchukua. Atalinda ghala, na wakati malori yanapakia, watu wengi, atafungwa mguu asije akamdhuru mtu. Mnyororo upo. Alisema hivyo kama mtu anayesema jembe lipo.

Mnyororo huo ninaujua. Mwaka 1987 Bato alikaa Kibaigwa miezi mitatu. Alirudi na kovu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, kama pete, na mwaka mzima hakutamka neno. Baba aliapa hatarudi kule. Sasa baba hayupo.

Mama alianza kulia. Baba mkubwa akamgeukia Bato, akasema taratibu kama kwa kiziwi, "Tarehe ishirini mwezi wa tano, Jumamosi, baada ya mavuno, utakwenda Kibaigwa. Uwe tayari."

"Haya," akasema Bato.

Baada ya hapo niliosha vyombo vyote vya ndani, hata vile vya kabatini.

Jumanne, 2 Mei

Bashiri alikuja nyumbani alasiri. Nilidhani amekuja kugombana, nikakaza uso. Kumbe alikuja kumjulia hali Bato.

"Mwalimu, mimi na wewe hatupendani, hilo tuliache," alisema. "Nimekuja kuuliza swali moja. Miezi tisa Bato amekuja kwangu kila siku. Wamemtukana, wamemshinda, wamemkanyaga miguu kwenye msongamano. Hajanyanyua mkono. Umewahi kusikia ugomvi wake kwangu?"

Nikakiri sijasikia.

"Basi kama gemu ndilo linampandisha hasira, mbona halimpandishi pale pale?"

"Teke lilikuwa la gemu, Bashiri. Mimi nililiona kwa macho yangu."

"Teke sawa. Sikatai teke." Akatoa pakiti ya biskuti mfukoni. "Lakini kwangu hakuna masihara. Zamu ni zamu. Mtu akitaka kukupiga, mashine inatangaza kwanza, ndiyo mnaanza. Ikiisha imeisha. Nafikiri hilo ndilo analolipenda. Sijui. Mimi sikusoma."

Aliacha pakiti ya biskuti, akaenda. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kwa adabu.

Ijumaa, 5 Mei

Niliomba ruhusa, nikampeleka Bato kwa Daktari Rukaya mjini. Mama wa makamo, mpole. Alikaa na Bato nusu saa bila kumlazimisha kumtazama. Kisha akaniambia neno ambalo sijawahi kulisikia, na mimi ni mwalimu: usonji. Akasema watu wanadhani ni hali ya watoto, wanasahau kwamba watoto hao wanakua, wanaota ndevu.

Nilimuuliza kuhusu gemu. Nilitaka aseme ndiyo, niwe nimepatia. "Sitakudanganya kwamba najua," alisema. "Waliosoma kuliko mimi bado wanabishana. Lakini wewe ndiye unayemjua. Kabla ya gemu, hakuwahi kupiga mtu?"

"Hakuwahi," nikasema haraka.

"Una hakika?"

Tukarudi kwa miguu, jua kali. Bato alitembea hatua tatu mbele yangu, sahihi, kama kawaida.

Jumapili, 7 Mei

Nimekaa na mama tukitwanga uwele na nimemuuliza. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha.

Mwaka 1984 Bato alimng'ata mwanakwaya mmoja. Yule alikuwa ameficha kiatu chake kwa mzaha. Mwaka 1987 kule Kibaigwa alimpiga utingo kwa ubao. Utingo alikuwa anamvutia sahani yake ya chakula kila akitaka kula, na wapakiaji wanacheka. Hapo ndipo mnyororo ulipokuja. Mwaka 1994, harusi ya dada wa Mpwapwa, alimsukuma shemeji akaanguka shimoni. Shemeji alikuwa ameiba fimbo ya baba, kwa utani.

Mwaka 1984 Ipagala haikuwa na hata nguzo ya umeme.

Kila mara ni hivyo hivyo. Mtu anachukua kitu, mwenye kitu haulizwi, na watu wote wanacheka. Sisi tunajua kwamba kitarudi. Yeye anajuaje? Ukitazama kutoka pale alipokuwa amekaa Bato siku ya matanga, tulikuwa wezi mia moja, na dada yake anashangilia, chukua na betri zake kabisa.

Nimekaa na mchi mkononi mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Naumwa, ndiyo. Naona aibu.

Jumanne, 9 Mei

Kwa Matonya. Shangazi alinifungulia mlango bila kunijibu shikamoo. Matonya yuko kitandani, mkono kifuani, amekonda.

"Mke wangu umekuja kunizika?" Hata utani wake ulikuwa umelegea.

Nikamweleza yote. Nikamwomba aje mkutanoni aseme alichukua nini na Bato alikiona vipi. Akageukia ukuta.

"Unajua unachoniomba? Mimi watu wananiita kutoka mbali niwachekeshe wafiwa. Nisimame mbele ya mtaa niseme sijui kutania? Kwamba sikuangalia namtania nani? Sema ni gemu, Devota. Gemu halina uso wa kuona haya."

"Watamfunga mnyororo, Matonya."

Nilikaa pale mpaka ikawa si adabu kukaa.

Ijumaa, 12 Mei

Tumevuna. Magunia manne na nusu. Bato ameyapanga kwa urefu.

Jumapili, 14 Mei

Mkutano ulikuwa uwanjani kwa mwenyekiti, saa tisa alasiri. Baba mkubwa alikaa mbele kwenye kiti chenye mikono. Mwalimu mkuu alikaa upande wake. Bato alikaa chini karibu na mama. Mwenyekiti alianza kwa kusoma barua yangu, yote, kwa sauti yake nzito. "Mtu hatari kwa familia na kwa mtaa." Watu waliguna. Koma zilikuwa mahali pake.

Akauliza kama mwandishi ana la kuongeza.

Nilisimama. Nikasema, "Mwenyekiti, barua hiyo ina uongo. Niliuandika mimi."

Mwalimu mkuu alinitazama kama nimevua nguo.

Nikaeleza. Nikasema bado siupendi ule mchezo na wanafunzi wasiguse pale saa za shule. Nikasema teke Bato alijifunza kule, siwezi kukataa, lakini hasira ni ya zamani kuliko umeme wetu na tunampa sisi wenyewe. Nikataja kiatu, sahani, fimbo. Nikataja redio. Nikasema na mimi nilicheka. Mtu mmoja akadakia, "Kwa hiyo sasa watani tuache utani kwa ajili ya mgonjwa mmoja?" Watu wakapiga makofi. Nikaona nimeshindwa, nikabaki nimesimama tu kwa kuwa sikujua kukaa chini kunafanywaje.

Matonya alikuwa nyuma kabisa. Sikumwona akifika. Alikuja mbele polepole na mkono wake umefungwa.

"Aliyepigwa ni mimi," alisema. "Naomba niseme, halafu mnicheke, ndiyo kazi yangu." Watu wakaanza kucheka, akangoja wanyamaze. "Mtani anachukua kwa mtu anayejua kwamba ni utani. Asiyejua, huyo umemwibia. Mimi nilijua Bato yukoje. Tumekua pamoja. Niliona watu wananogewa, nikapitiliza. Kwa hiyo nilimwibia, akanipiga. Mwizi gani hapa Ipagala amewahi kupigwa kidogo hivi?"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Shangazi aliinamisha kichwa.

Mkutano ukakubaliana chumba cha Bashiri kifunguliwe, watoto wa shule wasiingie kabla ya saa tisa alasiri, na Bato abaki kwao. Baba mkubwa aliondoka bila kuaga. Mwalimu mkuu hakunipa mkono. Nilirudi nyumbani karibu kukimbia na nikapika chakula cha watu kumi.

Jumatano, 17 Mei

Saa nne Bato kwenye benchi. Saa sita nyumbani. Nimelala mchana kama mtu aliyelewa.

Jumamosi, 20 Mei

Nilidhani yamekwisha.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye jiwe nje, mfuko wa nguo miguuni. Amenyoa. Suruali ameikunja mguu mmoja, wa kushoto, mpaka katikati ya ugoko. Kovu nje.

"Bato, unakwenda wapi?"

"Kibaigwa."

"Huendi. Mkutano ulisema unabaki."

"Baba mkubwa alisema. Tarehe ishirini."

"Mwenyekiti amesema, mimi nimesema, mama amesema!"

"Baba mkubwa alisema," akarudia, na sikuweza kumtoa hapo. Aliyesema ndiye anayeweza kufuta. Saa nne ikafika, hakwenda kwa Bashiri. Alikaa juani mpaka jioni. Hakufungua hata redio.

Jumapili, 21 Mei

Bado yuko kwenye jiwe. Mama alimkunjulia suruali, Bato akaikunja tena.

Jumatatu, 22 Mei

Sikuomba hata ruhusa. Asubuhi nilimwambia, "Twende Kibaigwa, tukamsikie mwenyewe." Akachukua mfuko wake, akatangulia.

Kibaigwa imejaa mahindi mapya. Malori pande zote mbili za barabara, madalali wanagombea mizigo, makapi yanaruka mpaka kwenye macho. Nilimshika Bato mkono wa shati. Kelele zile hazipendi, nilisikia akinguruma kooni, lakini alitembea. Baba mkubwa alikuwa mbele ya ghala lake na wanunuzi wawili. Alipotuona akadhani nimemletea.

"Umepata akili," alisema.

"Shikamoo baba mkubwa. Nimekuja kukuomba useme neno moja."

Nikamweleza, kwamba Bato hataondoka kwenye jiwe mpaka yeye aliyesema afute. Wanunuzi walikuwa wanasikiliza. Baba mkubwa akacheka kidogo, kicheko cha mbele ya watu.

"Basi, mwambie nilikuwa natania."

"Hapana!" Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. Katika maisha yangu sijawahi kumpazia sauti mkubwa wangu. "Usiseme hivyo, baba mkubwa, nakuomba. Ukisema ulitania, hatajua tena lipi ni lipi. Sema ulikosea."

Uso wake ulibadilika. Nilijua ninachomwomba. Mzee wa ukoo, mbele ya wateja, amwambie "nilikosea" mtu ambaye yeye amezoea kumwita zezeta. Akafungua kinywa anifukuze.

Bato alikuwa amekaa juu ya gunia. Mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, suruali imekunjwa, anamngojea. Baba mkubwa akatazama ule mguu. Akatazama kovu. Sijui kama amewahi kulitazama tangu afungue mnyororo miaka kumi na mitatu iliyopita. Akawaambia wanunuzi wamsubiri ndani. Kisha akachuchumaa, magoti yakalia.

"Bartolomayo. Nilisema utakuja kukaa hapa. Nilikosea. Hutakaa hapa."

"Na mnyororo?"

"Na mnyororo nilikosea. Ule wa zamani pia."

"Haya," akasema Bato. Lakini hakuinuka.

Nikamwambia basi, twende, umemsikia. Hakuinuka. Alikuwa anatazama mikono yangu, kama anavyofanya anapokuongelesha.

"Devota," alisema. "Barua."

"Barua imekwisha, Bato. Nilisema mkutanoni, si ulikuwepo?"

"Mtu hatari," akasema. Akalisema kwa sauti yangu mimi, na mkazo pale pale nilipouweka siku ile nikijisomea, yeye yuko kizingitini.

Ndipo nikaelewa. Niliwaambia mwenyekiti, mwalimu mkuu na mtaa mzima. Yeye sikumwambia. Nikakaa chini kwenye vumbi la mahindi na gauni langu la kazini, machozi yananitoka na sikuyafuta.

"Nilikosea, Bato. Wewe si mtu hatari. Niliandika uongo na nilikosea."

Alifikiri. Lori moja lilirudi nyuma, likageuka, likaondoka, naye bado anafikiri. Halafu akainama, akakunjua suruali, akaipiga vumbi, akachukua mfuko wake. Akaniuliza basi la kurudi ni saa ngapi.

Nilitaka kumjibu saa nane, lakini nilikuwa nakisia tu. Nikamwambia angoje, nikaenda kwanza kumuuliza wakala wa mabasi.